Geji ya Deo na Posa ya Nyarutarama

Niliondoka Ngara kwa sababu nina mdomo. Mpwa wangu Fideli, anayefanya kazi Kigali, alikuwa anaposa, na ukoo mzima ukakubaliana kwamba msemaji wetu niwe mimi. Posa ya Kinyarwanda haianzi bila msemaji, na upande wa bwana harusi ukichelewa, wenyeji huutoza faini wanayoitaka wao.

Asubuhi nilichukuliwa na Deo, kaka yake Fideli, kwa gari lake kuukuu linalonishinda kwa kikohozi. Dirisha la nyuma halifungi, lakini kwenye dashibodi alikuwa amefunga geji mpya ya kupima mizunguko ya injini, yenye taa ya buluu.

"Mjomba, sasa naijua injini inavyofikiri," aliniambia.

Nikampongeza. Dirisha kumbe ni anasa.

Baada ya mpaka wa Rusumo tulihamia upande wa kulia wa barabara, tukaanza kupanda na kushuka vilima. Kila kilima Deo alinisomea mshale wa geji kama padri anayetangaza ndoa.

Tulifika Remera, ndani ya Kigali, tukiwa na muda wa kutosha, kwa hiyo Deo akaona tuupoteze. Alisimama Gisimenti tunywe chai, gari likiwa mahali ambapo wapita njia wangeiona ile taa. Tulipotaka kuondoka, stata iliizungusha injini vizuri sana. Injini haikuwaka.

Fideli akapiga simu. "Mjomba, wazee wameshakaa. Mko wapi?" Nikamwonea huruma kweli. Ningepanda pikipiki, lakini msemaji wa posa hafiki kwa wakwe shuka la sherehe likimpepea mgongoni.

Akaja fundi wa jirani, mtu wa kelele nyingi. Alichomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini kutafuta cheche, Deo akapiga stata. "Petroli iko, lakini moto hapana," akasema. Akabadilisha plagi zote. Moto hapana. Akaleta koili nyingine, ile inayozipa plagi moto. Moto hapana. Nikawaonyesha waya uliotoka kwenye koili kwenda kwenye geji.

"Huo usiuguse," Deo alimwambia fundi. "Ni mpya."

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Fundi naye akaafiki, maana kitu kipya kitaharibikaje? Wakarudi kwenye plagi. Hapo nilikasirika, nikamwambia Deo achague, waya au ndoa ya mdogo wake. Alikuwa bado anafikiri fundi alipouchomoa. Stata ikaguswa mara moja, gari likaunguruma.

"Muzee, hii geji iko imeungua ndani," fundi alieleza, kana kwamba alijua tangu mwanzo. "Koili inatoa moto umeme ukikatika. Geji iko inapeleka umeme kwa bodi ya gari saa yote, haikatike."

Nyarutarama, nyumbani kwa wakwe, tulikuta turubai limejaa. Msemaji wa wenyeji, aliyekulia Bukoba, alinipokea kwa Kiswahili kitamu. "Pole na safari, bwana mkubwa. Mmecheleweshwa na nini?"

Pamoja na mdomo wangu wote, nilikosa uongo. Nikasimulia ukweli, turubai zima likacheka.

"Basi faini ni hiyo geji," akasema. "Binti yetu hatoki mpaka tuione mezani hapa."

Deo hakuinuka. Alitazama viatu vyake, vicheko vikapungua, watu wakaanza kugeuza shingo. Fideli, jasho likimtoka, alimtazama kaka yake. Mwishowe Deo akaomba bisibisi. Alirudi na geji, nyaya zikining'inia, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Binti akatolewa. Mama yake alilia kidogo, Deo alilia zaidi.

Jioni tulirudi na tundu kwenye dashibodi, na gari halikuzima hata mara moja. Nimejifunza kwamba gari likigoma, mtu aanze na kitu kilichofungwa mwisho, hata kama kina taa.

Karibu na Rusumo Deo akasema, "Mjomba, umeona? Fideli hata hakunishukuru."

"Mwache kwanza amalize kukusamehe," nikamjibu.