Waya Haupiti Kati ya Wakwe

Mwaka ule mume wangu alikuwa hapokei simu zangu, lakini mpira alikuwa anacheza na baba yake karibu kila mvua iliponyesha. Yeye alikuwa machimboni upande wa Serengeti, baba yake alikuwa nyumbani kwetu Turwa, pembeni ya mji wa Tarime, na kilichowaunganisha kilikuwa mashine ya gemu. Mimi nilikaa nje chini ya upenu, napukuchua mahindi, namsikia mume wangu akicheka upande wa pili wa ukuta. Nilitaka kitu kimoja tu, arudi nyumbani, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Dhahabu iliposikika kule, wanaume wa mtaa wetu waliondoka kama waliopigiwa filimbi. Walimu waliondoka, mafundi cherehani waliondoka, hata mzee wa kanisa mmoja alituombea Jumapili na Jumatatu hakuonekana tena. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Aliuza vifaa vyake akanunua nafasi kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao, na duara likatema dhahabu mara moja tu. Mara moja hiyo ilituharibia maisha kuliko kama lisingetema kabisa. Alikuja nyumbani na televisheni pana ya kujaza ukuta, mashine ya gemu na rauta ya intaneti. Mimi nilikuwa nimemwomba tanki la maji.

Akarudi kuchimba, na duara halikutema tena. Ng'ombe wa baba yake wakaanza kuuzwa mmoja mmoja ili kulisha shimo, leo pampu, kesho magogo ya kuzuia udongo, mpaka zizi likaota majani. Kadiri ng'ombe walivyopungua ndivyo na simu zake zilivyopungua. Mwishowe nikipiga inaita mpaka inachoka. Wanawake wenzangu wa kanisani waliniambia subira huvuta heri. Niliwaitikia amina, lakini mahali nilipokuwa nimesimama sikuona heri yoyote ikivutwa.

Baba mkwe alikuwa mjane, mtu wa maneno machache. Ujanani naye alichimba, na vumbi la mawe lilibaki kifuani mwake, hivyo sentensi ndefu ilimtoa jasho. Lakini mpira aliupenda tangu zamani, na mwanawe alipomfundisha lile gemu alilishika haraka kiasi cha kututia aibu sisi wenye macho mazuri. Siku moja mwanawe akampigia yeye, si mimi, akamwambia kwamba huko machimboni kuna kibanda chenye mashine kama yetu na intaneti. Yetu ikiunganishwa, watacheza wote wawili, kila mtu akiwa kwake.

Kuiunganisha ndiko kulikonizeesha. Mashine ilikuwa sebuleni kwa baba mkwe, kwa kuwa nyumba yake ndiyo kubwa. Rauta ilikuwa chumbani kwangu, kwenye dirisha, maana hapo tu ndipo ilipokamata mtandao vizuri. Kati ya nyumba hizo mbili kuna uwanja wa kuanikia mahindi. Fundi tuliyemwita kutoka Nyamisangura hakuona tabu yoyote. Alichomeka waya kwenye mashine, akautoa nje kwa baba mkwe, akauvusha uwanja akielekea dirishani kwangu. Baba mkwe alikuwa amekaa mlangoni akimtazama.

"Huo waya unaenda wapi?"

"Chumbani kwa mkamwana wako, mzee. Ndiko rauta iliko."

"Utoe."

"Mzee, ni waya tu huu."

"Kijana," baba mkwe akasema, akapumzika kidogo kuvuta pumzi. "Kitanda cha mke wa mwanangu kifungwe kamba mpaka kwenye kiti changu, halafu kesho nipite wapi mjini?"

Fundi akanigeukia nimsaidie. Nikainamia mahindi yangu. Kwetu baba mkwe haingii nyumba ya mkamwana, mkamwana hakai mbele ya baba mkwe, na jina lake halitaji. Vijana wa siku hizi wanatucheka, na wacheke, lakini mimi ndivyo nilivyolelewa, na kusema kweli ule waya ungepita dirishani kwangu nisingepata usingizi.

"Basi twende hewani," fundi akasema huku akiukunja waya. "Hewa haina ukwe."

Mashine ilipotafuta mtandao iliona majina mawili, yote ya rauta yetu, moja la kawaida na jingine lenye kasi. Fundi akachagua lenye kasi, akaandika neno la siri nililomwandikia kwenye karatasi, ikashika. Akapanda pikipiki yake akaondoka akiwa ameridhika. Hapo hapo mashine ikadai ijisasishe kwanza, ikapakua na kupakua mpaka bando lote la mwezi likaisha, na mpira wenyewe hata haujaanza.

Bando jipya lilipopatikana, mtandao ukawa unakuja na kupotea. Niko jikoni, nasikia uwanjani, "Mkamwana, imepotea." Naacha chungu, naenda kuizima rauta na kuiwasha. Nimeshika nguo za watoto kwenye beseni, "Mkamwana, imepotea." Naenda na povu mikononi. Nilikuwa nalima, napika, nalea watoto wawili, nauza unga sokoni, na sasa nikawa pia mchungaji wa kijitaa cha kijani cha rauta dirishani. Kuna siku niliitazama ile rauta nikatamani kuitupa chooni. Niseme wazi, nilikuwa nimechoka na kila kitu kilichotoka kwenye lile shimo.

Niligundua kosa kwa bahati tu. Simu yangu nayo ilikuwa inaona majina yale mawili, na nikiwa navuka uwanja nikaona lile lenye kasi linafifia na kufa mbele ya ukuta wa baba mkwe, lile la kawaida linapenya. Matofali yetu ni ya kuchoma, mazito, na jina la haraka halikuwa na nguvu ya kuyapita. Basi ikabidi baba mkwe aingie mwenyewe kwenye mashine na kuchagua lile la polepole. Nikasimama nje ya mlango wake, nikamwelekeza huku nikitazama miti. Shuka chini, bonyeza, hapana, rudi juu, hapo hapo.

"Inataka paswedi," akasema.

Nikanyamaza. Neno la siri aliliweka mume wangu, na aliweka jina la baba yake, lile la kuzaliwa, herufi ndogo zote. Pengine aliona ni heshima. Hakukumbuka kwamba mtu atakayebaki na ile rauta ni mimi.

"Mkamwana, umelala?"

"Hapana, baba."

"Basi taja."

"Baba, siwezi. Ni lile ambalo silitaji."

Kisha nikasikia kitu nilichodhani ni kikohozi, nikataka kukimbilia maji, kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika kifua. Akaliandika jina lake herufi moja moja kwa pedi, kile kidude cha kuchezea, akilitamka mwenyewe kwa sauti ili nisikie kama ndilo, nami nikawa naitikia ndiyo tu. Ikashika, na tangu siku hiyo haikupotea tena.

Ndipo sauti ya mume wangu ikaanza kuja nyumbani. Mvua ikinyesha kule, maduara yalijaa maji, wachimbaji wakakosa kazi, naye alikwenda kibandani akacheza. Sauti yake ilitoka kwenye televisheni, na ya baba yake ilinaswa na pedi yenyewe. "Tata, huo mpira ulikuwa wangu!" Tata ni baba kwa Kikurya. "Tata, kipa wako ana usingizi!" Alicheka kama zamani, kabla ya dhahabu. Walizungumza kona na penalti, na habari za nyumbani hawakuzigusa hata siku moja. Mimi upande wa pili wa ukuta nilikuwa naona wivu. Naona aibu kuandika hivi, lakini niliionea wivu mashine.

Kumwita nisingeweza. Ningeingiaje pale, mbele ya baba yake, nianze kumuuliza mume wangu kwa nini amenitupa? Siku moja nilipompelekea baba mkwe ugali, nilisimama mlangoni nikajikaza.

"Baba, akija tena kwenye gemu, naomba umuulize anarudi lini."

Alinawa mikono polepole. "Nikimuuliza," akasema, "na huku ataacha kuja."

Nikaondoka na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mwanawe alikuja pale kwa kuwa palikuwa mahali pekee asipoulizwa kitu.

Siku nyingi zilipita hivyo. Halafu ikaja alasiri moja, nimekaa upenuni na ungo wangu, mchezo umeanza ndani. Baba mkwe akatoka. Alikuwa amevaa kofia na koti, ameshika fimbo, na alizungumza akitazama mbele kana kwamba anaongea na geti.

"Naenda kuangalia ng'ombe. Hiyo mashine isikae peke yake."

Akatoka nje ya geti, na hakugeuka. Ng'ombe hatukuwa naye hata mmoja. Nilibaki na punje mkononi mpaka nilipoelewa, ndipo nikaweka ungo chini nikaingia.

Kwenye kiti chake sikukaa. Nilipiga magoti sakafuni nikaiokota pedi, bado ina joto la mikono yake. Kwenye televisheni wachezaji wetu walikuwa wanazubaa na wa mume wangu wanatufunga.

"Tata, mbona leo unaniachia?" akasema. Mimi kimya. Hilo halikumshangaza, alishazoea kwamba baba yake hujibu akipata pumzi. Akafunga bao jingine, na hakulishangilia.

"Tata," akasema tena, sauti ikiwa imeshuka. "Leo nikwambie tu. Duara limekwisha. Wenzangu wote wamehama, nimebaki nawasaidia watu kubeba mawe ili nipate kula. Nimekumalizia ng'ombe wako. Na yule wa kwetu kila siku ananipigia, naiangalia simu mpaka inakata. Niongee naye nini? Alitaka tanki tu. Nikirudi hapo mikono mitupu, nitaingia na uso gani?"

Muda wote ule nilidhani hataki kurudi. Nilimchora akiwa na mwanamke mwingine, akiwa na pesa, akiwa amenenepa. Sikuwahi kumchora akiitazama simu yangu.

"Ingia na huo huo," nikasema.

Wachezaji wake wakasimama.

"Nani hapo?"

"Ni mimi."

"Tata yuko wapi?"

"Ametoka. Ametuachia."

Nilikuwa nimetunga maneno makali mengi ya siku kama hiyo. Nilitunga nikilima, nikilala, nikiwa kwenye ibada. Nikayatafuta pale sakafuni nisipate hata moja.

"Rudi," nikamwambia. "Sitaki tanki. Nimechoka kukusikilizia ukutani."

Nilisikia mvua ikipiga bati la kibanda chake kule, na watu wakibishana kwa mbali, na mtu akimwambia apishe kama hachezi. Nilidhani atakata. Nilishikilia ile pedi kwa mikono yote miwili, sijui hata kitufe kimoja kinafanya nini.

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama njia ya kutoka barabarani mpaka kwetu bado ina tope.

"Lipo," nikamwambia, "ila watu wanapita."