Sukari ya Hamira

Wapo wanaokufa kwa kiu jangwani, na hao tunawaelewa. Mwokaji wetu alianza kufa kwa kukosa sukari akiwa ameegemea magunia ya ngano, ndani ya karakana yake mwenyewe ya mikate, asubuhi kweupe, huku shemeji yake akimcheka.

Tuanze na mkewe, maana kila jambo katika nyumba ile lilianza na mkewe. Watu walimwita Komando, na jina hilo hakulipata kwa upole. Siku mumewe alipoambiwa kliniki kwamba ana kisukari, kwamba kongosho lake limegoma kazi na kuanzia sasa atajidunga insulini, Komando alikaa mbele kabisa, ametega masikio. Muuguzi alieleza vizuri. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari, pete kwa pete. Mmea huusuka kwa jua, maji na hewa, kisha huuweka akiba kwenye punje na mizizi. Sisi tukiula, mate na tumbo huukatakata mpaka sukari iingie kwenye damu, na insulini huifungulia mlango wa seli.

"Kwa hiyo adui ni wanga," Komando akasema, akasimama, akachukua mkoba wake.

"Mama, sijamaliza. Akijidunga lazima ale. Ubongo hauna ghala. Sukari ikiisha kwenye damu, taa zinazimika."

Lakini Komando alikuwa ameshafika mlangoni, tayari kwa vita.

Nyumbani wanga ukafukuzwa kama mwizi wa kuku. Viazi nje, wali nje, mihogo nje. Mwokaji akawa anajidunga sindano asubuhi, kisha analetewa mayai na kabichi, na kabichi ile hata mbuzi angeomba samahani. Kule karakana sukari ikatiwa kwenye kopo la bati lenye kufuli, ufunguo ukaning'inia shingoni mwa Komando. Kabla hajaondoka kusambaza mikate madukani, alipima sukari kwa mkono wake mwenyewe na kuimwaga kwenye bakuli la maji vuguvugu, ili hamira iamke.

"Vijidudu visivyo na macho vinapewa sukari," Mwokaji alilalamika. "Mimi niliyevinunua napewa majani."

"Vijidudu havina kisukari, mume wangu."

Tusimwonee huruma upesi, hata hivyo. Mara mbili alikuwa amejiangusha sakafuni, macho juu, akiomba keki kwa sauti ya mtu anayeaga dunia. Mara zote mbili alifufuka na krimu kwenye masharubu. Ndiyo maana Komando alimwachia maagizo kaka yake, mchochea tanuri, ambaye kwa kazi yake aliitwa Kibiriti: "Akisema anakufa, mwambie anisubiri."

Asubuhi hiyo jasho lilianza shingoni, na halikuwa jasho la tanuri. Lilikuwa la baridi. Kisha vidole vikaanza kucheza ngoma vyenyewe.

"Shemeji, nipe kitu kitamu."

"Leo unakufa kwa mtindo gani?" Kibiriti aliuliza bila kugeuka. "Ule wa kushika kifua au ule wa kupepesuka?"

"Kweli, shemeji. Leo ni kweli."

"Hata juzi ilikuwa kweli. Keki ikakufufua."

Mwokaji alitaka kutukana, ila ulimi ulikuwa mzito kama donge la unga. Yakatoka maneno yaliyokandwa pamoja, na Kibiriti akapiga makofi. "Toba! Na umelewa mapema hii!"

Mikate ilikuwa imeingia tanurini muda huohuo, bado ni unga na maji. Mwokaji akachovya mkono kwenye gunia, akalamba ngano. Ukame mtupu. Mnyororo ulikuwepo, pete zote za sukari zilikuwepo, lakini nani wa kuzikata? Tumbo lingeshughulika na unga mbichi ule mpaka watu watoke mazikoni. Ini nalo, ambalo huficha akiba kidogo kwa siku mbaya, lilikuwa limeishi kwa kabichi. Halikuwa na cha kuficha.

Alijaribu kumwita mkewe kwa jina. Jina halikuja. Aliishi na mwanamke yule miaka yote hiyo, na jina lake limezimika kama taa ya chumba cha nyuma. Hapo ndipo alipoogopa.

Juu ya meza, bakuli la hamira lilikuwa linatoa povu.

Alilifuata kwa magoti. Kibiriti aliposikia kishindo, akageuka.

"We! Hiyo ni hamira ya mikate ya mchana!"

Wakalivuta bakuli, huyu huku, yule kule, watu wazima. Mwokaji akazamisha uso mzima akanywa, vijidudu na sukari yao, povu mpaka puani. Nusu iliingia tumboni, nusu ikamlowesha shati. Kisha akalala sakafuni, ametulia kuliko siku za keki.

"Dada," Kibiriti akasema kwenye simu, na sauti haikuwa na utani tena. "Mumeo amekunywa hamira. Na hainuki."

Komando alifika viatu mkononi. Kipimo cha damu kilikuwa mkobani mwake. Nacho kilikuwa mahabusu, kama sukari. Akamchoma mumewe kidole, akaitazama namba, akaitikisa mashine kama mtu anayemzaba kofi mwongo, akaitazama tena. Akashika kufuli. Akavua ufunguo shingoni, akamtupia Kibiriti.

"Fungua wewe, kaka. Fungua!"

Alimlisha sukari kijiko kwa kijiko. "Meza. Meza, baba, nakuomba." Watu waliomjua wasingeamini neno hilo limetoka kinywani mwake.

Baadaye Mwokaji alikaa, akatafuna mkate wa moto, akacheua hamira. Hakuna aliyecheka. Komando akaweka kopo rafuni bila kufuli, na kipimo kando yake.

"Kidole kwanza, halafu kijiko," akasema. "Sitafunga tena."



"Funga," Mwokaji akasema taratibu.

"Nini?"

"Najijua, mke wangu. Funga."

Komando alishika kufuli, hakufunga wala hakuliweka chini. Mezani, kinyunga, unga uliokandwa wa mikate ya mchana, kilikuwa kimelala bapa, kinasubiri hamira ambayo haikuwepo tena.