Masufuria Mawili Mchana wa Ramadhani

Ndiyo, ni mimi. Yule aliyekutwa amechuchumaa mbele ya masufuria mawili motoni, saa saba mchana, mwezi mtukufu, tena masufuria yenyewe kayaazima kwa mama mkwe mtarajiwa, ni mimi Sefu, na kabla hamjacheka (najua mtacheka, chekeni) mjue kwamba siku ile sikuwa na kosa na leo pia sina.

Nilikuwa mwangalizi wa bwawa la kuogelea la klabu ya wazungu hapa Tabora, enzi za Mwingereza. Kiangazi jua linakunywa maji ya bwawa kila siku, nami kila asubuhi naongeza mengine ya bomba, na juu yake dawa ya unga na shabu ya kuyatakasa. Sasa jua huchukua maji tu, chumvi na dawa haziendi kokote, zinabaki humohumo zikijazana wiki baada ya wiki, nawe huzioni, maji yanang'aa kabisa lakini waogaji wanatoka na macho mekundu, na maua ya Yohana, mtunza bustani, yakimwagiwa maji hayo yanakauka ncha. Hapo hakuna dawa ila kumwaga nusu ya bwawa na kujaza maji mapya. Bwana katibu wa klabu akakataa.

"Maji safi haya unataka kuyamwaga kwa nini? Nionyeshe hiyo chumvi."

Miezi mingine ningeonja kwa ulimi nikatema, ndicho kipimo changu, lakini nilikuwa nimefunga. Nikaamua (hapo ndipo nilipojiponza) kuchemsha sufuria moja la maji ya bwawa na moja la maji ya bomba mpaka yakauke, katibu aone mwenyewe kilichobaki chini. Chungu changu ni cheusi, kisingeonyesha kitu, kwa hiyo nikaazima masufuria kwa mama yake Mwajuma, mchumba wangu. Posa yangu ilishapokewa, ndoa ni baada ya Idi.

Nikawasha moto nyuma ya ua wa klabu, kando ya njia ya kwenda Mtendeni, maana kuni zilikuwa pale. Maji yakakauka. Sufuria la bomba likabaki na vumbi jembamba, la bwawa likashika ukoko mweupe mnene, nami kwa furaha nikainama kuukwangua kwa kijiko. Nainua kichwa, Mzee Idi! Baba yake Mwajuma, muadhini wa msikiti wetu, na wazee wawili nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

Akatazama kijiko. "Hili sufuria si la mke wangu?"

"Ni lake, baba, nilikuwa nachemsha maji..."

"Maji yanashika ukoko, Sefu? Mimi sijui ukoko wa uji?"

Nikaeleza bwawa, jua, chumvi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo wapita njia walivyoongezeka, mmoja akauliza kama hilo la pili lilikuwa la mboga. Onjeni basi, nikasema! (Nani aonje? Wote wamefunga.) Nikamwita Yohana, Mmoraviani wa Kigwa, yeye hana swaumu, akachovya kidole, akalamba, akatema.

"Chumvi tupu, wazee wangu."

"Kumbe kautia na chumvi!" akasema mzee mmoja, na watu wakavunjika mbavu.

Mzee Idi hakucheka. Akatamka mbele ya wote kwamba posa anairudisha, hana binti wa kumpa mla mchana, kisha akanyoosha mkono achukue sufuria la mkewe. Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia sufuria haliendi nyumbani halijaonjwa, nikalikumbatia, nikapita nalo Mtendeni yote huku watu wakinizomea "Kobe! Kobe!", jina la anayekula mchana wa Ramadhani, nikaenda kukaa barazani pa msikiti nalo mapajani, njaa inaniuma, kiu inaniuma, sisogei. Mwajuma nisingemwacha kwa ajili ya uji nisioupika.

Magharibi Mzee Idi akaadhini, akafungua kwa tende. Nikamsogezea sufuria.

"Sasa huna udhuru, baba."

Akakwangua kidogo kwa kidole, akalamba. Uso ukajikunja wote, akanywa maji vikombe viwili.

"Si uji," akasema.

"Sikusikia, baba." (Nilisikia.)

"Si uji!" Kwa sauti ileile ya adhana, nadhani hata stesheni walisikia. "Na posa iko palepale!"

Asubuhi katibu akautazama ukoko, na alama ya kidole cha mkwe wangu katikati yake, akaniambia haya, mwaga.

Wapo wanaoniita Kobe mpaka leo, na Mwajuma, mama wa wanangu, mwezi ukiandama tu anaficha masufuria. Basi naapa, sitachemsha tena kitu nyuma ya ua. Nikilazimika, nitapanga mafiga katikati ya njia ya Mtendeni, saa saba ileile, na anayetaka kujua ninapika nini asubiri magharibi, aje na kijiko chake.