Kiitikio Nilichokikataa Timau

Siku yangu ya kwanza kwenye bendi niliitwa kwenye maiki kabla sijamaliza chai. Mazoezi yalifanyiwa stoo moja nyuma ya bucha, pale Makutano, Meru, na harufu ya supu iliingia hadi kwenye nyimbo za harusi. Kiongozi wa bendi, Mzee Gitonga, alinikagua mimi mgeni kutoka Gachoka, Kimeru changu kikichechemea, akaniuliza kama nimewahi kuitikia. Nikamjibu kwamba nimeitikia kanisani.

"Kanisani ukikosea Mungu anasamehe," alisema. "Hapa wewe ni shahidi. Soloisti anasema, wewe unaitikia. Ukiitikia, umekubali. Usiitikie kitu yenye hutaki ikufuate nyumbani."

Nilicheka. Ujana una kiburi chake.

Ninyi vijana mnaojifungia chumbani kutunga nyimbo kwa kompyuta hamjui palizi. Hilo ndilo jina tulilolipa kazi ya kusafisha maneno ya wimbo mpya. Mtunzi aliuleta, tukauimba wote, kisha kila mmoja, hata mpiga ngoma, alikuwa na haki ya kung'oa mstari mmoja bila kutoa sababu. Mtunzi alinuna, akatafuta mwingine. Tuligombana sana! Mpiga besi aliwahi kung'oa jina la mchumba wa mtunzi, na wawili hao wakawa wanasalimiana kwa kukohoa tu. Lakini mstari uliong'olewa haukurudishwa kamwe. Kwa utaratibu huo tulipiga harusi za kwetu Gachoka, na Jumapili mchana tulipiga Timau, wafanyakazi wa mashamba ya maua wakicheza na makoti yao mazito.

Mzee Gitonga alipostaafu, uongozi ulimwendea Mutwiri, soloisti wetu. Nilimpenda kama mwanangu wa kumzaa. Kaka yake mkubwa, Kinoti, ndiye aliyemwoa binti yangu Wanja, kwa hiyo tulikuwa bendi na ukoo pia.

Kinoti huyo alifanya jambo ambalo Mmeru wa zamani hawezi hata kuliwazia. Alikata miraa ya baba yao, miti mizee iliyoachwa na mababu, ili apande parachichi. Baba yao alikuwa mgonjwa kitandani, na msumeno wa mashine aliusikia kwa masikio yake. Aliwaita wanawe akatamka laana, na haukupita muda akafariki. Ukoo ukakubaliana maneno yale yasirudiwe na mtu.

Mutwiri akayatia kwenye wimbo, neno kwa neno. Kwa Kiswahili ni hivi: "Aliyeangusha miti ya baba zangu, mlango wake usifunguliwe na mtoto." Sisi waitikiaji tulitakiwa kujibu: "Na iwe hivyo."

Wanja alikuwa mjamzito, baada ya mimba nyingine kuharibika. Mimi nimebatizwa, na naamini ninachoamini. Lakini siku ile stooni nilishika ukuta.

"Nang'oa huo mstari," nikasema.

"Mama, hiyo ndiyo roho ya wimbo," Mutwiri akanijibu. "Nikitoa hiyo nabaki na nini? Stori ya miti?"

"Baki na miti."

"Ni maneno ya baba yangu, hata si yangu. Ukitoa, ni kama mzee hakuwahi kuongea. Kinoti ameendelea na maisha yake, na mzee amenyamazishwa?"

"Na mtoto wa Wanja alimkosea mzee wapi?"

Mpiga besi aliinama kurekebisha nyaya zisizo na shida. Mutwiri alifuta uso kwa kiganja. "Sawa Mama. Imetoka."

Ilitoka mdomoni tu, na mimi nilijua. Tangu siku hiyo simu ya Wanja ikilia nilikuwa naiangalia kwanza, naogopa kuipokea.

Tukaenda Timau. Jua lilikuwepo, lakini baridi ilikuwa ya kuuma. Kinoti na Wanja walikaa mbele, yeye na tumbo lake ndani ya blanketi, wakitupungia mkono. Mutwiri alianza wimbo kwa beti za baraka: mvua inyeshe, ng'ombe wazae. Sisi tukaitikia "na iwe hivyo", na haikupita muda uwanja mzima ukawa unaitikia nasi. Ndipo nilipomwona anamtazama kaka yake, na sura yake ikabadilika. Akauimba ule mstari, akanigeukia, mkono juu, kama alivyozoea kutuita.

Mdomo wa mwitikiaji hufunguka wenyewe. Niliuziba kwa viganja vyote viwili. Mwitikiaji mwenzangu aliniona, naye akanyamaza. Lakini watu! Watu walikwisha kufundishwa kujibu. Upande wa kulia nikasikia sauti chache zikianza, "Na iwe hivyo." Mutwiri akavuta pumzi aurudie. Nikanyakua maiki nikapaza sauti kabla uwanja haujajibu: "Isiwe! Isiwe hivyo!" Umati hufuata mwitikiaji. Wakaitika wote, wakicheka na kucheza, "Isiwe hivyo!" Wanja naye aliitika, bila kujua anaitikia nini, maana laana ile hakuwahi kuambiwa.

Nyuma ya spika Mutwiri alinikabili. "Umebadilisha maneno ya marehemu mbele ya watu."

"Mstari ulikuwa umeng'olewa," nikamwambia. Nilimrudishia maiki, na huko ndiko kustaafu kwangu. Sikuagwa kwa keki.

Vijana huniuliza kama kazi ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri sana. Nawaambia tu kwamba maneno hupaliliwa yakiwa bado stooni, kwa sababu yakishafika kwa watu hujui nani ameyaitikia. Mimi nilizisikia zile sauti za upande wa kulia. Sijui zilikuwa za nani, wala kama zilitosha.

Wanja alijifungua msichana, ambaye sasa anakimbia. Nikienda kwao mchana mlango huwa haujafungwa kwa ufunguo. Ningeweza kuusukuma tu. Napiga hodi nikasimama nje, nikisikiliza kama miguu midogo inakuja.

"Mama, si uingie tu," Wanja huniita kutoka jikoni. "Mlango uko wazi."

Siingii. Nangoja mtoto aje anifungulie.