Aambiwe Mwenyewe

Mtihani wa kwanza nilianguka kwa sababu nilifungua mlango.

Wakati huo nilikuwa daktari tayari hapa Kisangani, wadi ya wanaume, na wagonjwa waliniita docteur bila kuuliza diploma yangu inatambuliwa wapi. Lakini mume wangu na binti yetu walikuwa wametangulia nchi ya baridi, na nchi hiyo haikuitambua. Ilitaka nifanye mtihani wa vitendo: unaingia chumba baada ya chumba, na kila chumba kina mtu aliyelipwa ajifanye mgonjwa. Ukifaulu, ndipo uombe nafasi ya mafunzo chini ya madaktari wao. Ukianguka mara mbili, basi, ubaki daktari wa kwenu na familia yako uione kwenye simu.

Chumba cha mwisho kilikuwa na mzee aliyeigiza saratani ya tumbo. Kazi yangu ilikuwa kumpa habari hiyo. Nikamsalimu vizuri, nikamuuliza alivyolala, kisha nikainuka na kufungua mlango ili nimtafute kaka yake, mjomba wake, mtu yeyote wa ukoo. Kwetu habari nzito hapewi mgonjwa. Unawaita wakubwa wa familia koridoni, na wao ndio wanaoamua wataisemaje, au kama wataisema. Koridoni hapakuwa na ukoo. Palikuwa na mtahiniwa mwenzangu akisoma maagizo yaliyobandikwa ukutani, nikamtazama, akanitazama. Kengele ikalia.

Nilirudi Kisangani na hasira ya mtu aliyeangushwa na adabu yake mwenyewe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, waliniambia kazini. Niliwanunia wote.

Nikaanza kufanya mazoezi uani kwa mama, mtaa wa Mangobo. Kupata wagonjwa wa kuigiza hakukuwa taabu. Wanawake wa uani walitetemeka malaria kwa ufundi mkubwa, na jirani mmoja alizaa mapacha kila jioni, huku akimtukana baba yao. Lakini nilipoomba mtu wa kuambiwa ana saratani, hakujitokeza mtu. Tonton, mjomba wangu asiyeogopa hata polisi, alikumbuka ghafla kwamba ana safari ya Yanonge.

"Maneno inaumba, mutoto," mama akanikemea. "Usiite ugonjwa kwa nyumba yangu."

Dada yake mkubwa, ninayemwita mama mukubwa, alikuwa pembeni akitwanga ndizi za lituma. Mume wake alifia hospitali nilipokuwa bado mwanafunzi. Daktari aliwaita ndugu zake koridoni, nao wakapatana waseme ni vidonda vya tumbo. Yeye aliambiwa vidonda. Mke wake pia aliambiwa vidonda, na kwamba ilikuwa saratani alisikia matangani, kwa shemeji aliyedhani mjane anajua tayari. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kitu juu ya anayefichwa.

Mama mukubwa akauweka mchi chini.

"Miye nitakaa pahali pake," akasema. "Ongea na yeye."

Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akafumbata mikono juu ya tumbo kama alivyokuwa akikaa marehemu. Mama akaingia ndani, hakutaka kuona. Nami nikavuta kiti karibu.

"Papa, matokeo imefika. Tuongee sasa, ama kuko mutu unapenda akuwe hapa?"

"Sasa."

"Haiko habari muzuri, papa. Iko kansere."

Baada ya hapo unatakiwa unyamaze. Sikuweza. Nikaanza kumwaga dawa, upasuaji, Kinshasa. Akainua mkono.

"Ngojea kwanza, docteur. Niko nasikia." Akakaa hivyo muda mrefu. "Bon. Muniitie muke yangu. Kuko vitu sijamuambia."

Nililia mbele ya ua mzima. Yeye hakulia. Alijifuta mikono kwenye kitenge chake.

"Rudia," akasema. "Ulisema mbio sana."

Tulirudia jioni nyingi, mpaka mama naye akaanza kutoka ndani na kusikiliza.

Mtihani wa pili nilikutana na mwanamke wa makamo aliyeigiza saratani ya titi. Nilikaa. Nilimuuliza kama angependa mtu awepo, akakataa, nikamwambia yeye mwenyewe, na nikanyamaza. Akaniuliza kama ataiona harusi ya binti yake. Nilipofungua kinywa kumjibu, kengele ikalia.

Matokeo yalinikuta nimesharudi Kisangani: nimefaulu. Nafasi ya mafunzo bado naiomba, na waombaji ni wengi kuliko nafasi, lakini sasa jina langu limo. Binti yangu ameshaniagiza mbinzo, viwavi wa kula, waliokaushwa vizuri. Siku ile ile nilipanda taxi-moto hadi Mangobo, nikamkuta mama mukubwa akitwanga.

"Nimefaulu," nikasema.

Hakuuliza alama.

"Ulimuambia ye mwenyewe?"

"Ye mwenyewe."

"Hukukimbia mulangoni?"

"Nilikaa. Lakini kengele ililia sijamujibu bado."

"Haina neno," akasema. "Ule mama alijua jibu."

Akaketi kwenye kile kiti cha plastiki, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze mazoezi, akalia. Nikavuta kiti changu karibu yake, nikanyamaza, kama alivyonifundisha.