Kapasita za Babu

Juzi, fundi mmoja pale Moshi mjini aling'oa kapasita zilizochakaa kwenye amplifaya ya zamani, akaniuliza kama azitupe. Nikakumbuka utotoni, baraza yetu kule Mwika, harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka na kahawa ikikauka uani.

Babu, katekista wetu, alikuwa ametoka kuzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo. Amplifaya aliyosomea Neno la Mungu miaka yote ilikuwa ikikwaruza, na baba mdogo alikuwa akiitengeneza. Kapasita kuukuu alizitupa chini. Mimi niliamini sauti ya Babu imebaki ndani ya kapasita hizo. Nikaziokota, nikazifukia kaburini kwake, nikachomeka tawi la isale, mmea wetu wa heshima, kama nilivyoona watu wazima wakifanya.

Bibi alinikuta na udongo mikononi.

"Umefukia nini?"

"Sauti ya Babu."

Barazani, baba mdogo alijaribu amplifaya. Ilitoka sauti ya baba mdogo mwenyewe, safi. Bibi aliisikiliza mpaka ikanyamaza.

"Umeiweka upande wa kichwa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi. Lete maji tumwagilie isale."

Sasa najua kapasita hutunza umeme tu, tena kwa muda mfupi. Hata hivyo nilimwambia yule fundi azifunge kwenye gazeti, nipande nazo kwenda Mwika.