Askari Asiyejua Kuvuka Mto

Mwezi uliopita nilirudi Itiryo kutoka Morotonga, nilikokuwa nimepanga chumba kwa muda, kama nilivyopanga Geita na Mwanza kabla ya hapo. Nilimkuta binti wa mdogo wangu kaketi barazani, simu mkononi, masikio kayaziba kwa spika ndogo. Gemu la vita alilolisubiri tangu mwaka jana lilikuwa limetoka.

"Limesifiwa mpaka basi, baba mkubwa," akaniambia. "Kumbe ni kukimbia tu."

Uso ule niliufahamu. Niliuona zamani kwa jirani yetu, mbele ya televisheni isiyo na rangi iliyokula betri ya trekta.

Jirani huyo alikuwa na kibanda cha udongo na bati, akionyesha video Jumapili baada ya ibada. Siku moja akarudi kutoka Sirari na kaseti ya gemu. Boksi lake, bwana wewe, lilikuwa na askari mwenye mkanda wa risasi kifuani na helikopta inayowaka moto mwekundu. Alilibandika mlangoni. Kuanzia hapo, ukienda mashineni kusaga mtama unamkuta analisimulia, ukipeleka ng'ombe joshoni unamkuta huko pia. "Hii kitu ni moto, mura," alituambia kwa Kiswahili chake cha mpakani. "Mtatoka hapa mnatetemeka."

Mkewe hakutetemeka. Biashara za mumewe zilizokufa alizijua zote, na betri ilikuwa ya kaka yake. Alishasema wazi: wakichekwa tena, inarudi kwenye trekta, na kibanda kinakuwa cha mbuzi.

Jumapili ilipofika nilichota maji mbio, nikala kiazi cha moto nikiwa njiani. Kibanda kilijaa, kinanuka moshi na maziwa ya mgando yaliyomwagikia mashati yetu. Jirani akawasha.

Askari alikuwa mdogo kama punje ya hindi. Moto ulikuwa wa rangi ya majivu. Alikimbia, akafika kwenye mto, akatumbukia, akaanza upya. Mchezaji mwingine akashika vitufe, mto ule ule. Akashika wa tatu.

"Ndiyo hiyo?" mtu akauliza.

"Subirini. Mbele kunachangamka."

"Mbele wapi, na mtu wako hajui kuvuka?"

Watu wakaanza kuinuka. Jirani akawa anafuta kioo kwa pindo la shati, kama vile kosa ni la vumbi. Mkewe alisimama nje, mikono kiunoni, akiangalia betri.

Bibi yangu ndiye aliyeingia wakati huo, kanifuata kwa sababu ndama walikuwa hawana mtu. Akatazama kidogo.

"Huyo anakimbilia wapi?"

"Shikamoo mama," jirani akajibu. "Yuko vitani."

"Marahaba. Mtu hakimbii hivyo bure. Ng'ombe zake zimeenda wapi?"

Tukacheka. Kisha sauti moja ikajibu kutoka nyuma, "Zimevushwa mto, bibi," na jambo likawa limekwisha amuliwa: askari anafuata ng'ombe walioibwa. Waliokuwa wamesimama wakakaa. Sasa kila mtu aliona kwato kwenye tope lile la majivu, na askari alipotumbukia tena, mmoja wetu akasahau alipo, akapiga yowe.

Kwetu yowe la kuibiwa ng'ombe si la mchezo. Likisikika, mwanamume anaacha jembe, anaacha chakula, anakimbia. Ukilipiga bure unatozwa mbuzi.

Wanaume walikuja na pinde na marungu, wengine bado wanatafuna. Kiongozi wa sungusungu akainama mlangoni, anahema. "Wezi wako wapi?"

Jirani akaonyesha televisheni kwa kidole.

"Wamevuka," bibi akasema, "na kijana huyu yuko peke yake."

Yule mzee akatazama. Askari akatumbukia.

"Mto haujui huyu," akasema. "Mwambieni apite juu, kwenye mawe." Akaketi, upinde magotini. "Habari ya mbuzi tutaongea akishavuka."

Hakuvuka. Si siku ile, wala Jumapili zilizofuata, ingawa kibanda kilijaa watoto na watu wazima wakimfundisha njia. Mbuzi hakutozwa. Shemeji wa jirani aliyekuja kudai betri yake alikaa chini naye, akabishana kuhusu mawe.

Kibanda hakipo tena. Pale pameoteshwa kahawa. Bibi tulishamzika. Siku hizi taarifa ya wizi inapita kwenye simu, kila mtu anaisoma kwake. Na gemu la binti huyu lina maji unayoweza kuona samaki ndani yake. Askari wake alikuwa anavuka mto bila shida yoyote, na hakuna aliyekuwa anamwangalia.

"Huyo," nikamuuliza, "ng'ombe zake zimeenda wapi?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekaa mbali na nyumbani muda mrefu, jambo ambalo ni kweli. Kisha akatoa spika moja sikioni.

"Ng'ombe gani, baba mkubwa?"

Nikavuta kigoda changu karibu.